Dada Alivyohamisha Hesabu za Mama

Dada yangu ni karani wa shule ya sekondari, na sijapata kumwona akitupa karatasi kabla hajaisoma pande zote mbili. Pale shuleni walimu wanamwita Risiti. Ukienda kumwomba chaki anakuandikisha, na ukirudisha kipande kilichobaki anakuandikisha tena. Mimi ni mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yetu, na hilo jina nimelicheka kuliko mtu yeyote, mpaka ilipofika wiki ninayotaka kuieleza. Nina sehemu yangu katika haya mambo, tena si ndogo. Nitaifikia, msinikimbize.

Tuko watatu. Kaka ndiye mkubwa. Anachomelea mabomba nchi ya mbali, na nyumbani anakuja mara moja kwa miaka miwili. Dada anamfuata. Kisha mimi, niliyezaliwa wakati Mama keshagawa nguo zote za watoto. Mama anaishi kwa Dada, na ni mgonjwa wa figo. Huu ni mwaka wa sita anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, na kila safari ni pesa. Pesa hizo anatuma Kaka. Zinaingia kwenye akaunti ya Dada, Dada analipa hospitali, dawa, teksi, na yule mama anayekuja kumwogesha, na kila senti inayotoka anaiingiza kwenye kompyuta siku hiyohiyo kabla hajala.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, inanguruma kuliko friji. Ndani yake alikuwa na programu ya hesabu za nyumbani, aliyoinunua kwenye CD siku duka moja la vitabu lilipokuwa linafunga na kuuza vitu kwa bei ya kutupa. Picha yake kwenye skrini ilikuwa pochi ya kijani. Ukibonyeza pochi mara mbili inafunguka, unaona miezi imejipanga, kila tumizi na jina lake, na chini kabisa salio. Marehemu shemeji alikuwa akimtania kwamba nyumba ikishika moto atatoa pochi kwanza, mume baadaye.

Sasa Dada alikuwa na tabia moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka napandwa na hasira. Risiti ikishaingia kwenye kompyuta, anaiandika IMEINGIA kwa wino mwekundu, anaichana vipande vinne na kuitia kwenye kapu. Nilimuuliza kwa nini asiziweke tu kwenye boksi. Akaniambia kitu kikiwa mahali pawili ndipo watu wanapoanza kuhesabu mara mbili, yeye ameyaona hayo kwenye ada za shule. Ukibishana na Dada mambo ya karatasi unajichosha bure, nikamwachia.

Mwanzoni mwa mwezi ule Kaka akapiga simu. Nilikuwa nimekaa na Dada jikoni, simu ikawekwa mezani tusikie wote.

"Dada, nakuja. Nataka kukaa na hesabu za Mama."

"Karibu, kaka. Zipo."

"Zote, dada. Tangu mwanzo."

"Zote zipo, tangu mwanzo."

Akakohoa. Kaka akikohoa hivyo ujue neno linalofuata lina mwiba. "Wifi yako amekaa na kalamu. Anasema safari za hospitali kwa mwaka ni mia na nne. Akizidisha, hazifiki zile ninazotuma. Zinabaki nyingi. Sisemi umekula, dada. Nasema nataka kuona. Huku kazi zimepunguzwa, tunalipwa nusu. Nisipoelewa pesa zinakwenda wapi, nitaacha kutuma. Sitaweza."

Alisema "nitaacha" kwa sauti ndogo, kama mtu anayeona haya, lakini tulilisikia. Daktari alishatuambia waziwazi kwamba Mama akikosa wiki moja atavimba, akikosa wiki ya pili tusije kumlaumu mtu. Nikamtazama Dada nikidhani atalia. Hakulia. Alikuwa ameudhika, hilo lilionekana, lakini chini ya udhia ule niliona kitu kama furaha. Miaka sita ameandika mpaka pamba za masikio, na sasa hatimaye mtu anataka kusoma. Kesho yake alinunua rimu nzima ya karatasi.

Tatizo likawa kompyuta. Ilianza kujizima yenyewe katikati ya kazi, na ikijizima inakaa saa nzima ndipo ikubali kuwaka. Jumatano, siku nne kabla ya Kaka kufika, Dada akaenda kwa fundi wa kompyuta, kijumba chembamba kati ya kinyozi na muuza vioo, ambako kompyuta zilizofunguliwa matumbo zimepangwa mpaka darini. Fundi alikuwa na kompyuta moja ya mtumba lakini safi. Akamwambia, "Mama, ukiniachia hiyo ya zamani nakupunguzia robo ya bei." Dada akakubali. Ila kwanza, kwa sababu ni Dada, akarudi nyumbani kuhamisha hesabu mwenyewe. Fundi alijitolea kumfanyia. Dada akakataa, mambo ya ndani hayaonyeshwi watu.

Alichomeka flashi. Akaikamata ile pochi ya kijani kwa kipanya, akaiburuta mpaka ndani ya flashi. Na msije kusema alikuwa mzembe, kwa sababu aliijaribu. Aliifungua flashi palepale kwenye kompyuta ya zamani, akabonyeza pochi mara mbili, na pochi ikafunguka. Miaka yote sita hiyo hapo, salio chini. Aliijaribu mara tatu. Kisha akakata kipande cha plasta nyeupe, akakibandika juu ya flashi na kuandika: HESABU ZA MAMA, ZOTE. Akaichukua kompyuta ya zamani kwa bajaji, akaiacha kwa fundi, akarudi na mpya. Jioni ile alilala mapema, akiwa ametulia kabisa.

Ijumaa baada ya kazi ndipo akaketi kuchapa. Mimi nilikuwa nimepita kumwona Mama. Nilimsikia Dada akiita jina langu mara moja tu, na kwa jinsi alivyoita nilikimbia nikidhani Mama ameanguka.

Pochi ilikuwa kwenye skrini, ya kijani vilevile. Anabonyeza, kinatokea kibao kidogo kinachosema kitu kinachotafutwa hakipo. Anabonyeza tena, kibao kilekile. Nikamwambia labda flashi haijaingia vizuri. Akaichomoa, akaifuta kwa kanga, akaichomeka. Kibao.

"Nilijaribu," aliniambia. "Nilijaribu mara tatu, mdogo wangu. Ilifunguka."

Kwa fundi tulifika tukihema. Aliichomeka flashi kwenye kompyuta yake, akaitazama muda usiozidi kunywa maji, akauma mdomo.

"Mama, unaona hiki kimshale kidogo hapa pembeni ya pochi? Hii ni njia ya mkato tu. Ni kibao cha barabarani kinachoonyesha nyumba ya mtu ilipo. Wewe umeng'oa kibao ukaja nacho. Nyumba imebaki kulekule."

"Lakini ilifunguka!"

"Ilifunguka kwa sababu ulikuwa bado uko kulekule. Kibao kilikuwa kinaonyesha diski ya kompyuta ya zamani, na diski ilikuwepo."

"Basi iwashe hiyo ya zamani."

Fundi akaanza kupanga bisibisi zake ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Ubao wa ndani wa kompyuta ya zamani ulimfia mikononi, alisema, lakini diski ilikuwa nzima. Jana aliitoa, akaifuta, akaitia kwenye kompyuta nyingine, na hiyo nyingine ameiuza leo asubuhi kwa shule ya udereva ya barabara ya pili.

Dada hakupiga kelele. Aliketi juu ya boksi la printa na kusema taratibu, kama anayesoma tangazo la mtu mwingine, "Nimemuua Mama."

Mimi ndiye niliyepiga kelele. Nilimwambia fundi maneno ambayo sitayaandika hapa, na muuza vioo akatoka kutazama. Fundi alivumilia mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akasema jambo lililotuinua sote wawili. Kufuta, alisema, si kama kuchoma moto. Ni kama kung'oa orodha ya yaliyomo kwenye kitabu. Kurasa zipo bado, ila kompyuta haijui zipo, kwa hiyo kila kitu kipya kinachoandikwa kinaandikwa juu yake. Ana programu ya kuzisaka. Lakini kila dakika ile kompyuta ikitumika, kurasa zinaliwa.

"Na hivi sasa inatumika?" Dada akauliza.

"Ni shule, mama. Watakuwa wanaandikisha."

Ile barabara ya pili tuliikimbia. Dada ana miaka arobaini na nane na goti bovu, na kiatu chake kimoja kilikatika mkanda, akakivua akakishika mkononi. Tuliingia pale ofisini kama watu wanaofukuzwa. Nyuma ya meza alikuwa mama mmoja mnene, mwenye shule, na kando yake karani anayechapa majina ya wanafunzi, ameinamia kompyuta ile.

"Usiguse hicho kitu!" nikasema.

Karani aliinua mikono yote miwili juu. Mwenye shule alisimama na rula.

Dada alijaribu kueleza, akashindwa. Maneno yalikuwa yanatoka segemnege, figo, pochi, kaka yangu, Jumapili. Mwishowe aliweka kiatu chake juu ya meza ya watu, akapiga magoti na kushika ukingo wa meza. Sijawahi kumwona Dada amepiga magoti mbele ya mtu. Nilitamani kumwinua na nilitamani asiinuke mpaka tupewe kile tulichofuata.

"Nina watu kumi na wanane wana mtihani Jumatatu," mwenye shule alisema. "Majina yao yamo humo. Nikitoa kompyuta mimi nitawaambia nini?"

Fundi, aliyekuwa amefika nyuma yetu, akasema atamletea nyingine sasa hivi, bora kuliko hiyo, na majina yote kumi na wanane atayahamisha kwa mkono wake mwenyewe. "Na nitakurudishia pesa ya leo," akaongeza. Nikajuta baadhi ya yale niliyomwambia, si yote. Mwenye shule akamtazama Dada chini pale, akashusha rula. "Inuka, dada yangu. Mimi pia nina mama." Akainama na kuchomoa waya ukutani yeye mwenyewe.

Fundi aliondoka na diski mfukoni, mkono juu yake. Alisema msako unachukua muda, huenda ukapata, huenda ukapata nusu, huenda usipate kitu. "Jumatatu nikijaliwa."

Kaka alifika Jumapili.

Nitaeleza kwa kifupi kwa sababu bado inanichoma. Tulikaa sebuleni, Mama kwenye kiti chake chenye mito, miguu juu ya kigoda. Kaka alikuwa amekonda, shingo imejaa alama za cheche. Alikula, akamsalimu Mama upya, akauliza habari za majirani, na sote tulijua anazunguka. Kisha akasema, "Haya, dada. Tuone."

Dada akamweleza yote, mpaka kiatu. Kaka alisikiliza bila kukatiza.

"Miaka sita," akasema. "Hakuna hata risiti moja?"

"Nilizichana."

"Ulizichana. Zote. Na hesabu zimepotea wiki hii. Wiki ninayokuja." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya. "Dada, sasa mimi nikirudi kule nimwambie wifi yako nini? Unisaidie. Niambie maneno ya kumwambia."

Dada aliinuka, akaenda kupiga goti kando ya Mama na kuweka viganja vyote viwili juu ya paja lake. "Naapa mbele ya huyu aliyetuzaa. Hakuna senti ya dawa zake iliyoingia tumboni mwangu. Kama ipo, asiniache na radhi."

Nilitazama pembeni.

Mama siku hizi huongea kidogo, anachoka. Alimpapasa Dada kichwani, akamgeukia Kaka. "Baba, hivi mimi nimewahi kukosa siku yangu hata moja?"

"Hujawahi, Mama."

"Ulidhani ninajipeleka?"

Hapo Kaka alivunjika. Aliweka uso kwenye viganja vyake vilivyoungua, akalia kama tulivyokuwa tukilia utotoni, kwa sauti. Akaja kumwinua Dada. "Yameisha," akasema. "Yameisha, dada. Nimekuamini. Nitaendelea kutuma, nitajibana nijuavyo." Siku ile tulikula pamoja tena, na Kaka akawa anamwita Dada "Risiti," akicheka na macho mekundu.

Laiti fundi angeshindwa.

Jumatatu adhuhuri alipiga simu. Amezipata, nzima. Kwenye kompyuta mpya ya Dada, tuliyomwachia pamoja na ile CD ya zamani, ameweka programu, akairudisha faili mahali pake, na sasa pochi inafunguka. Mimi na Dada tulikwenda. Dada alibonyeza kwa kidole kimoja huku amefumba macho, na alipofumbua, miaka sita ilikuwa imejipanga mbele yake. Dada akamkumbatia fundi, mtu ambaye Ijumaa nilitaka kumtia bisibisi ya jicho. Tukaibeba kompyuta nyumbani, akaketi kupitia kabla ya kuchapa, mwezi kwa mwezi, akinisomea kwa furaha. Soksi za Mama. Ndizi za Mama. Betri ya redio ya Mama. Mama mwenyewe alikuwa hospitali na Kaka, nyumba ilikuwa kimya.

Kwenye mwaka wa tatu, mwezi wa nane, akaacha kusoma.

Nilisogea. Mstari ulisema: Kutoa taslimu, laki nane na nusu. Azima. Nitarudisha. Chini, mwezi wa tisa: Kurudisha, laki moja. Mwezi wa kumi: Kurudisha, laki moja. Baada ya hapo, hakuna. Akashuka mwaka mzima, akapanda, akashuka tena. Hakuna.

"Mbona nilijua nimerudisha," alisema. "Mbona nilijua nimerudisha zote?"

Tarehe ile naijua. Wakati huo nilikuwa keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na droo yangu ilikutwa imepungua laki nane na nusu. Sikuibiwa. Nilizitoa mwenyewe, kidogo kidogo, nikampa mwanamume aliyeniahidi ndoa na kisha akahama mji. Mwenye duka alinipa mpaka kesho yake saa kumi, la sivyo polisi. Nilimlilia Dada, nikamwapisha asimwambie Mama wala Kaka. Kesho yake saa nane alikuja dukani na bahasha. Sikumuuliza imetoka wapi. Niliipokea. Niliahidi kumlipa laki kila mwezi. Nililipa mwezi wa tisa na mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi na moja shemeji alifariki, nyumba ikajaa watu wa msiba, na mimi nikaona hakuna anayenidai. Hakunidai kweli. Katika kilio kile alisahau, na mimi sikumkumbusha.

"Futa," nilimwambia. "Mistari mitatu tu. Futa."

"Salio halitalingana na benki."

"Basi usichape! Kaka keshasema yameisha. Hajaomba tena. Funga hiyo pochi tukae kimya, nani atajua?"

Dada alinigeukia. Sikuona hasira usoni pake, na hilo lilinitisha. "Niliapa kwa paja la Mama," akasema. "Nilitaka radhi iondoke kama nimesema uongo. Na nimesema uongo."

"Hukujua!"

"Sasa najua."

Akatia karatasi kwenye printa. Zilitoka kurasa sabini na moja, na kila moja ilipotoka nilitamani wino uishe.

Kaka alizisoma Jumanne, mezani, Mama akiwa amelala chumbani. Mwanzoni alifurahi mno. "Mpaka soksi! Wifi yako lazima aone hizi soksi." Alikuwa akitikisa kichwa, akilamba kidole na kufunua. Ndipo Dada akanyoosha mkono na kuutoa ukurasa wa thelathini na nane. "Kaka, huu usome vizuri."

Akausoma. Akausoma tena.

"Azima ya nani?"

"Yangu."

"Ya nini?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Dada hakunitazama. Angenitazama, ningesema. Huwa najiambia hivyo.

"Matumizi yangu," Dada akasema. "Nilidhani nimerudisha zote. Kweli, kaka, nilidhani nimerudisha."

"Umekumbuka kuandika betri ya redio," Kaka akasema polepole, "ukasahau laki sita na nusu za damu ya Mama?"

Hakuna jibu ambalo Dada angelipata bila kunitaja. Kaka alipanga zile karatasi, akazigonga mezani zilingane. Juzi alimwamini bila kipande cha karatasi. Leo karatasi zilikuwa sabini na moja, kila soksi na kila teksi ya Mama imo, na alichokiona ni mistari mitatu. Alisema hatampigia kelele, kwamba yeye ni dada yake na atabaki kuwa dada yake, ila juzi asingeapa. Asingeapa kwa Mama.

"Kutuma nitatuma, Mama hana kosa. Lakini kuanzia mwezi huu natuma kwa huyu." Akaninyooshea kidole. "Huyu mdogo wetu ndiye atakayeshika. Utaweza?"

Nilikuwa na neno mdomoni, nalikumbuka ladha yake. Kama ningelisema, Mama angeamka na kusikia kwamba binti yake wa mwisho alikuwa mwizi wa dukani, na Kaka angebaki bila mtu wa kumtumia, na Alhamisi ilikuwa kesho kutwa. Hizo ndizo sababu nilizojipa. Ukweli ni kwamba niliogopa.

"Nitaweza, kaka," nikasema.

Jumatano Kaka alisafiri. Jioni Dada alikuja kwangu na diski ndogo ya kubebea data, kuhamisha hesabu za Mama kwenye kompyuta yangu. Safari hii alikuwa amejifunza. Hakugusa pochi. Kule kwake aliingia kwanza ndani ya programu, akatengeneza nakala ya faili yote, akautazama ukubwa wake, akaichomoa diski kutoka kwenye kompyuta yake kabisa, na kwangu akaweka programu kwa ile CD ndipo akaifungua nakala. Alinielekeza kila hatua kama anavyowaelekeza makarani wapya, bila haraka, akingoja niandike. Hapa unaingiza kilichoingia. Hapa kilichotoka. Hospitali lipa kabla ya saa mbili, foleni inakuwa fupi. Dereva teksi ukimlipa kwa mwezi anapunguza.

Nilishindwa kuona skrini kwa machozi. "Dada, nitamwambia. Nitampigia leo."

"Utamwambia nini?" Hakupandisha sauti. "Ili amkose na wa pili wa kumwamini? Akishamkosa wa pili atamtumia nani? Mama anasafishwa kesho, mdogo wangu. Jifute machozi, tunaharibu kibodi."

Nikajifuta. Pochi ikafunguka. Miaka sita, kila kitu mahali pake, salio sahihi hadi senti, na mwaka wa tatu, mwezi wa nane, mistari yake mitatu. Juu ya ukurasa wa kwanza palikuwa na nafasi ya jina la mtunza hesabu, na jina lililokuwepo lilikuwa lake. Dada alilifuta herufi moja moja. Akaandika langu, majina yote matatu, kisha akaniuliza kama amelipatia, na mimi nikamwambia amelipatia.